Mkongojo Ulioanguka Nyuma ya Kiti

Mkongojo ulikuwa umeegemezwa kwenye mkono wa kiti. Mwenyewe, bibi wa miaka 82, alinyoosha mkono kuchukua miwani, kiwiko kikaugusa, ukateleza na kujibana kati ya mguu wa kiti na ukuta. Anauona. Akiinama kichwa kinamzunguka. Akisimama bila huo mkongojo, goti la kushoto haliaminiki. Simu kaiacha chumba cha kulala. Kwa hiyo ameketi, anasubiri mtu apite, na haja ndogo imeshaanza kumbana. Anapiga hesabu: nisubiri, au nijaribu?

Hesabu hiyo ikikosewa, mtu huanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na wanaokufa zaidi ni waliovuka miaka 60. Shirika hilohilo linasema wenye miaka 80 na zaidi watafika milioni 426 ifikapo mwaka 2050, mara tatu ya walivyokuwa mwaka 2020.

Nimeanza na mkongojo kwa makusudi. Katika vyuo vikuu vingi leo kuna vijana wanaotumia miaka mitatu, minne, wakati mwingine sita, kutafiti roboti zenye akili za kuwahudumia wazee. Nawaheshimu, maana ni kazi ya kukesha. Lakini nikisoma wanachokiandika, mara nyingi naona swali la utafiti limeanzia kwenye mashine: roboti tunayo, mbinu mpya ya akili mnemba tunayo, sasa tutafute mzee wa kuijaribia. Bibi wa mkongojo anatokea karibu na mwisho wa tasnifu, akiwa mshiriki namba 7, kwa dakika arobaini. Mimi nasema mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Kuurekebisha hakuhitaji mashine mpya. Kunahitaji vyuo vikubali kwamba kuokota mkongojo ni swali linalotosha shahada ya uzamivu.

Asiyekuwa mhandisi atashangaa: kuokota fimbo nako ni usomi? Mwaka 1988 Hans Moravec, mtaalamu wa roboti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, aliandika kwamba si kazi kubwa kuifanya kompyuta ifikie watu wazima katika mitihani ya akili au mchezo wa dama, bali kilicho kigumu, au hata kisichowezekana, ni kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea. Tangu hapo kompyuta zimewashinda mabingwa wa sataranji, zinaandika barua na kutafsiri lugha, na bado mkono wa roboti unahangaika na miwani iliyoangukia zuliani.

Ifuate kazi yenyewe. Kwanza roboti iuone huo mkongojo. Kamera nyingi za kupima umbali humulika mwanga usioonekana kwa macho, kisha husoma unavyorudi. Chuma kinachong'aa huutupa pembeni, kitambaa cheusi huumeza, kioo huupitisha. Mkongojo mwembamba wa alumini, mpini wake mweusi, ndani ya kivuli cha kiti: huo ni mtihani mzito. Ikishauona, iamue umekaaje. Umelala au umeinama? Umebanwa na nini? Mkono wake upite wapi usigonge ukuta wala mguu wa bibi? Ikiushika kwenye ncha, uzito wa upande wa pili unauzungusha ndani ya vidole na unadondoka tena. Ikiushika katikati, unagonga kiti njiani.

Halafu inakuja sehemu ninayoiona nzuri kuliko zote, na namshukuru kila mtafiti aliyeitolea miaka yake: kukabidhi. Mtu anayempa mwenzake fimbo huigeuza bila kufikiri ili mpini utangulie. Huiachia pale anapohisi mwenzake ameshaishika, si kabla, si baada. Roboti ikiachia mapema, mkongojo unaanguka mara ya pili. Ikichelewa, bibi anavuta, yenyewe inang'ang'ania, na kwa mtu asiyesimama imara mvutano wa nusu sekunde unatosha kumwangusha. Katika nusu sekunde hiyo mna tasnifu nzima: vihisi vya nguvu vidoleni, makadirio ya nia ya mtu, tabia ya mkono unaotetemeka ambao kila mtetemo wake unafanana na ishara ya kwamba umeshika. Mkono wa mwanafunzi wa miaka 27 hautetemeki. Mashine iliyofunzwa kwa mikono ya wanafunzi itaachia vizuri kwa wanafunzi.

Wapo walioanzia sakafuni. Mradi wa Hobbit, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna kati ya mwaka 2011 na 2015 kwa fedha za Umoja wa Ulaya, ulilenga kuwasaidia wazee wasianguke, na kuokota vitu sakafuni ilikuwa miongoni mwa kazi kuu za roboti yake. Mwishoni hawakubaki maabara. Waliipeleka katika nyumba za watu waliovuka miaka 75 wanaoishi peke yao huko Austria, Ugiriki na Uswidi, kila nyumba wiki tatu. Wazee waliitumia kila siku. Na watafiti wakaandika waziwazi kwamba ni kwenye nyumba hizo tu walikokutana na matatizo ya kweli, mathalani mzee kuielewa vibaya roboti inapofanya jambo ambalo halikupangwa kwenye karatasi ya majaribio. Wiki tatu ni chache, lakini kwa fani iliyozoea saa moja, huo ulikuwa ujasiri.

Maana maabara ni nyumba isiyokuwa na maisha. Sakafu yake sawasawa, taa zake hazibadiliki, kiti kiko kilipokuwa jana. Nyumba ya mtu ina kizingiti cha sentimita mbili kinachokwamisha gurudumu, zulia lenye nyuzi zinazojisokota kwenye ekseli, kioo cha kabatini kinachoifanya roboti idhani kuna chumba kingine, jua la saa kumi linalopofusha kamera. Ina wajukuu wanaohamisha vitu. Mwanafunzi aliyejenga ramani nzuri ya nyumba Jumatatu anaikuta imezeeka Alhamisi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kijana hajazeeka, na hilo si kosa lake. Kosa ni kuandika pendekezo la utafiti kabla hajashinda siku nzima na mzee mmoja. Akishinda naye atajifunza mambo ambayo dodoso haliyatoi. Ataona kwamba mzee anapolala mchana hutoa vifaa vya kusikia, kwa hiyo roboti inayomwamsha kwa sauti haimwamshi. Ataona kwamba kidonge kinachosahaulika si cha asubuhi, ni cha siku ambayo wageni walikuja. Atasikia sauti inayokwama katikati ya neno na kurudi, na hapo atatambua kwamba programu za kutambua matamshi, ambazo kwa sehemu kubwa zimefunzwa kwa sauti za watu wa umri wa kati, hukosea zaidi kwa wazee. Hilo peke yake linaweza kumbadilishia mada.

Carnegie Mellon ina mfano ninaoupenda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa hapo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walitengeneza roboti iliyoitwa Pearl, ya kuwakumbusha wazee ratiba zao na kuwasindikiza kwenye miadi ndani ya makao yao. Walipoijaribu na wakazi wenyewe waligundua kwamba mwendo wa watu unatofautiana mno, na roboti isiyojua kupunguza kasi inamwacha mtu nyuma au kumharakisha. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwa Joelle Pineau, aliyemaliza tasnifu yake mwaka 2004 kuhusu namna mashine inavyoweza kupanga hatua zake ikiwa na mashaka. Mzee amesema "dawa" au "sawa"? Roboti ya kawaida hubahatisha. Inayopima mashaka yake huona kwamba kukosea hapa ni gharama kuliko kuuliza, ikauliza tena. Hesabu zake ni nzito, na kabla ya hapo zilikuwa zinaishinda kompyuta kwa ukubwa; mchango wa Pineau ulikuwa kuzifanya ziwezekane kwa matatizo makubwa zaidi. Naupenda mfano huu kwa sababu hisabati ya juu na mzee mwenye sauti hafifu vimekutana katika swali moja, na hakuna aliyemfanya mwenzake kisingizio.

Usione vyaelea, vimeundwa. Msomaji anayeitazama video ya roboti ikiongea kwa ufasaha na babu anapaswa kujua kwamba kuna mbinu halali ya utafiti ambapo mtu hukaa chumba cha pili na kuiendesha roboti kwa siri, ili kupima watu watakavyoipokea kabla haijakamilika. Siipingi. Inaokoa miaka. Ninachokipinga ni matokeo yake kutangazwa kana kwamba mashine ilijiendesha, na mzee kuondoka akiamini kwamba kile kitu kilimwelewa. Aambiwe, na aambiwe siku hiyohiyo.

Methali nyingine inanijia kila nikisoma matokeo ya majaribio mafupi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wiki ya kwanza kila mtu anaishangilia roboti. Majirani wanakuja kuiona, mzee ana la kusimulia, na alama za dodoso zinapanda. Wiki ya tano inaegeshwa pembeni, na huo ndio muda ambao tafiti nyingi haziufikii. Mwanafunzi ana mashine moja, msimamizi ana tarehe, jarida linataka makala. Sasa linganisha muda huo na uzee wenyewe, ambao unaweza kuchukua miaka ishirini na haubaki vilevile miezi sita mfululizo.

Ikitokea mzee ameizoea, yanakuja mengine. Roboti ya mezani iliyoitwa Jibo ilianza kuuzwa mwaka 2017, ikitokana na kazi ya Cynthia Breazeal, ambaye katika utafiti wake wa uzamivu pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, uliokamilika mwaka 2000, alitengeneza kichwa cha roboti chenye kuonyesha hisia. Biashara haikudumu. Mwaka 2019 Jibo zenyewe zikawatangazia wenye nyumba kwamba seva zinazoziwezesha zitazimwa, zikawaaga. Wapo waliohuzunika kweli. Sioni aibu katika huzuni hiyo, na sitaki mtafiti yeyote aione kama ushahidi wa mafanikio tu. Kama umemfanya mtu apende, umejipa wajibu.

Hapo napaswa kusema habari za Paro, kwa sababu ndiyo roboti ya wazee iliyochunguzwa kwa kina kuliko nyingi. Takanori Shibata wa Japani alianza kuibuni mwaka 1993: mtoto wa sili mwenye manyoya meupe, anayehisi mguso, mwanga na sauti, anayefumba macho ukimpapasa. Haokoti wala habebi chochote. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilimtambua kuwa kifaa tiba. Wanafalsafa kama Robert Sparrow waliuliza kama si udanganyifu kumfariji mtu kwa kitu kinachojifanya kinampenda, na swali hilo sidhani limejibiwa.

Lakini kuna utafiti ninaotaka kila mwanafunzi wa fani hii aubandike ukutani. Mwaka 2017 Wendy Moyle na wenzake huko Australia walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha watu 415 wenye ugonjwa wa kusahau, katika makao 28. Kundi moja lilipewa Paro. La pili lilipewa Paro huyohuyo, manyoya yaleyale, ila amezimwa. La tatu likaendelea na huduma ya kawaida. Paro aliyewashwa aliwashinda wa huduma ya kawaida katika kuinua hisia na kupunguza mahangaiko. Alipolinganishwa na mdoli aliyezimwa, alimshinda katika jambo moja tu: kuwafanya watu wamwangalie na kuzungumza naye. Mashine ya maelfu ya dola, mbele ya mdoli wa manyoya, na tofauti ikawa hiyo.

Huo ndio uaminifu ninaoutaka, nami niurudishe kwa bibi yetu. Roboti ya kuokota mkongojo isilinganishwe na kukosa msaada kabisa. Ilinganishwe na kamba. Kitanzi cha kamba kinachofungwa kwenye mpini na kuvaliwa kwenye kifundo cha mkono hugharimu karibu na bure, hakihitaji betri, na mkongojo hauendi popote. Au ilinganishwe na kile kishikio kirefu chenye taya mwishoni. Kama kamba imeshinda, tasnifu iseme kamba imeshinda, na mwanafunzi apewe shahada yake kwa kulithibitisha hilo. Ninavyofikiri, kwa mkongojo kamba itashinda. Kwa miwani, kidonge kilichoviringika chini ya kabati, barua iliyopeperuka, rimoti, soksi, haitashinda, na hapo ndipo roboti ina kazi ya kweli isiyo na mbadala wa bei rahisi. Mpaka huo, kati ya kinachotatuliwa na kamba na kinachohitaji akili, ni utafiti uliolala.

Upande wa wahudumu nao umesahauliwa. Mtafiti James Wright alikaa katika makao ya wazee nchini Japani akifuatilia roboti zilipoanza kutumika: moja ya kunyanyua watu, Paro, na ile ya umbo la mtu iitwayo Pepper. Aliona mashine zilizoletwa kupunguza kazi zikiiongeza. Zilitaka kusogezwa, kusafishwa, kuwashwa, kusimamiwa zinapotumika, na kuchungwa zisimdhuru mtu wala zisiharibiwe, na muda huo ulitoka kwenye muda wa kuzungumza na wazee. Dakika za mhudumu zinapimika kwa saa ya mkononi. Sioni sababu zisiwemo katika kila tasnifu inayodai kupunguza mzigo wa kulea.

Kuhusu kunyanyua nitakuwa mfupi. Robear, roboti ya taasisi ya utafiti ya RIKEN ya Japani, iliyoonyeshwa mwaka 2015 ikiwa na uso wa dubu na uzito wa kilo 140, iliweza kumtoa mtu kitandani na kumweka kwenye kiti cha magurudumu. Fizikia haina huruma: anayenyanyua lazima awe mzito au ajitanue asipinduke, na nyumba nyingi hazina nafasi ya dubu wa kilo 140.

Linalonisumbua zaidi ni kumfanyia mzee mno. Roboti inayoleta kila kitu inamwondolea safari sita za kwenda mezani, na safari hizo ndizo zilizokuwa zinashikilia misuli ya mapaja. Juan Fasola na Maja Matarić wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California walikwenda njia nyingine: roboti yao haikumfanyia mzee chochote. Ilikaa mbele yake ikanyanyua mikono, naye akaifuata, ikamsifu, ikamsahihisha. Wazee waliipendelea roboti iliyokuwepo chumbani kuliko ileile iliyoonyeshwa kwenye skrini. Bibi wa miaka 82 anaweza kuhitaji mashine ya kumwambia "simama mara tano" kuliko mashine ya kumletea.

Nayo akili mnemba ya lugha, ile inayozungumza na kuandika kama mtu, imekuja na mtihani wake. Mdomo wa roboti umekua haraka kuliko mikono yake. Sasa inaweza kusema kwa upole wote, "Pole bibi, nimeona mkongojo umeanguka," halafu ikabaki imesimama. Kwa mtu aliyebanwa na haja, maneno mazuri yasiyofuatwa na mkono ni mateso. Isitoshe, ili iseme hivyo ilibidi imwone, kwa hiyo kuna kamera sebuleni na nyingine kwenye njia ya kwenda msalani, na picha zinakwenda mahali. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau aliyetia saini ya ridhaa Januari huenda Aprili hajui kile kitu ni nini. Ridhaa yake iulizwe upya kila wiki, na akigeuza uso au akikifunika na kitambaa, hilo nalo lihesabiwe kuwa jibu.

Viwango vya usalama vipo; ISO 13482, kiwango cha kimataifa cha roboti za huduma binafsi, kilitoka mwaka 2014. Haviwezi kumwambia mwanafunzi aulize nini. Hilo ni la wasimamizi na watahini. Wakubali miezi sita ya mwanzo itumike kukaa na wazee na wahudumu bila kuandika mstari mmoja wa programu. Wakubali sura ya matokeo yenye orodha ya kila mara roboti ilipokwama, saa ngapi, na nani aliyekuja kuinasua. Wamuulize mwanafunzi ni mzee gani aliyekataa kushiriki, na alikataa kwa maneno gani.

Na kabla hawajapitisha tasnifu, wautafute ukurasa unaoeleza siku mashine ilipoondolewa: ilibebwa na nani, mzee alikuwa ameketi wapi, aliuliza nini, na kuanzia jioni ile vitu vilivyoanguka aliviokota nani.